Kikombe Asubuhi, Kikombe Jioni

Muzee Télesphore Havugimana alikuwa na ng'ombe arobaini na mbili kwenye vilima vya Masisi. Vita viliwamaliza wote, lakini yeye hakuacha kuchunga. Alihamia Mugunga, pembezoni mwa Goma, akajenga nyumba ya mbao na bati kando ya barabara ya Sake, kisha akaanza kutuchunga sisi.

Nasema sisi ingawa mimi si wa ukoo wake. Dada yangu Julienne ameolewa na Janvier, mtoto wa marehemu mdogo wake, na kwa muzee hiyo ilitosha kuniingiza zizini. Yeye ndiye aliyeamua nani aoe lini, nani auze kiwanja, mtoto aitwe nani. Kila uamuzi aliutoa kwa lugha ya ng'ombe. Binti wa jamaa mmoja aliposhindwa mtihani wa taifa mara ya pili, muzee alisema mbele ya watu kwamba mtamba asiyeshika mimba misimu miwili hupelekwa sokoni akiwa bado na nyama. Watu walicheka hadi machozi. Yule msichana alikuwa amesimama pale pale na sinia la vikombe. Nilicheka pia, na mpaka leo kicheko hicho kinanichukiza.

Sasa nieleze kuhusu Lionel.

Lionel ni mtoto wa Julienne. Wakati huo alikuwa na miaka mitatu, na alikunywa lita tano za maji kwa siku. Siku ya joto alifika sita. Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano. Kisima hakichimbiki, ziwa liko chini huko, na maji yanapanda hadi mtaa wetu wa Ndosho ndani ya bidon, madumu ya njano ya lita ishirini, mgongoni mwa watu. Mtoto anayemaliza bidon nzima kila siku nne ni habari ya mtaa. Majirani walimwita Kamyo-Sitene, lori la maji. Na maji hayo yote yalitoka upande wa pili vile vile yalivyoingia, meupe kabisa, mchana na usiku, hadi godoro lake likawa halikauki.

Kabla yake alikuwepo kaka yake, Guylain. Huyo alizaliwa mnene, akaanza kukonda mwezi wa pili. Alilia kila saa, akatapika maziwa, akapata homa zisizo na sababu. Kila kituo cha afya kilisema malaria. Walimpa dawa ya malaria mara tano. Akafa akiwa na miezi saba, midomo imepasuka, na muzee Télesphore akasema kwenye kilio kwamba maziwa ya mama yalikuwa makali. Julienne alisikia. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, matiti yamejaa na yanamuuma.

Lionel alipoanza njia ile ile, mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya maabara. Sikuwa na akili kuliko wengine. Nilikuwa tu na kopo la vipimo vya mkojo mkononi, vile vijiti vya karatasi vyenye rangi, na nikapima kila kitu nilichofundishwa kupima. Sukari hakuna. Protini hakuna. Damu hakuna. Lakini uzito wa mkojo ulikuwa chini kabisa, kama maji ya bomba. Nilidhani nimekosea, nikapima mara nne, kisha nikambeba mtoto hadi kwa daktari Nshobole, mwanamke wa Bukavu anayetibu watoto, ambaye ana tabia njema ya kunyamaza hadi mama amalize kusema.

Yeye ndiye aliyetueleza. Mwili wa kila mtu, alisema, ukipungukiwa maji, ubongo unatuma ujumbe kwenye figo: rudisheni maji, msiyaachie yaende. Figo zinasikia, mkojo unakuwa mchache na mzito. Figo za Lionel hazisikii. Ujumbe unatumwa, unafika, unagonga, lakini kile kinachopaswa kuupokea kimeumbwa vibaya tangu tumboni. Basi figo zinamwaga tu. Walimchoma ule ujumbe wenyewe, uliotengenezwa kiwandani, wakangoja. Mkojo haukubadilika hata kidogo. Hapo daktari akawa na uhakika kwamba shida iko ndani ya figo.

"Si kisukari," alisema. "Si malaria. Si maziwa ya mama. Maziwa ya mama ni mazuri."

Julienne alilia kwa ajili ya neno hilo la mwisho tu. Mengine aliyasikia baadaye.

Dawa zilikuwa mambo matatu. Kwanza, maji wakati wowote, bila kumuuliza wala kumpimia. Pili, chakula kisicho na chumvi nyingi, kwa sababu chumvi haitoki mwilini peke yake, inaondoka na maji. Tatu, vidonge vya kupunguza chumvi mwilini, ambavyo kwa mtu mwingine vinaongeza mkojo, lakini kwa mtoto wa namna hii vinaupunguza. Nilimwuliza daktari inawezekanaje. Alinichorea kwenye kipande cha karatasi: chumvi ikipungua, figo inakamata maji mapema, kabla hayajafika mahali penye kasoro. Nilikihifadhi kile kikaratasi. Baada ya mwezi mmoja mkojo ulikuwa umepungua karibu nusu, na Lionel akaongeza kilo moja na robo.

Muzee Télesphore alipoambiwa kuhusu vidonge alishika tumbo akicheka.

"Dawa ya kukojolesha! Munapatia mutu mwenye kukojoa kutwa dawa ya kukojolesha! Na njo banaita masomo?"

"Muzee, daktari anasema..."

"Daktari alishawahi kuchunga ndama ata moja?"

Muzee alipenda sana maswali ambayo hakuna wa kuyajibu.

Damu ya Lionel na ya Julienne ilikuwa imevuka mpaka, kisha ikapanda ndege kwenda maabara ya ng'ambo iliyokubali kuipima bure kwa ajili ya utafiti wao. Majibu yalikuja baada ya miezi mitano kwenye simu ya daktari. Yalisema alichotarajia. Kasoro ilikuwa kwenye kromosomu X, na Julienne anaibeba bila kuugua.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Muzee aliitisha kikao cha familia, Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa Julienne, Ndosho. Janvier hakuwepo, alikuwa Bunagana, mpakani, anakaa huko wiki tatu kila mwezi na biashara yake ya mabati na rangi. Alikuja muzee, mke wake mama Dancille, na wazee wawili wa ukoo ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa. Walikalia viti vyote vinne. Walinywa soda. Waliomba soda ya pili. Kikao kilikuwa cha kujadili kwa nini mtoto anakunywa sana.

"Weye mamzele wa labo," muzee aliniambia mimi, msichana wa maabara, "ulipeleka damu yetu kwa Bazungu. Basi tuelezee. Banasema nini?"

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Mikono inanitoka jasho. Lakini nilikuwa nimejiandaa usiku mzima, nimechora kwenye karatasi kubwa, na niliamini, kwa upumbavu wa mtu aliyepata cheti juzi, kwamba watu wakionyeshwa jambo kwa mchoro ulio safi watalielewa na kuwa wapole. Nilieleza kwamba mwanamke ana X mbili, na mwanamume ana X moja na Y moja. Kwamba mtoto wa kiume X yake ile moja anaichukua kwa mama, hana nyingine ya kumsaidia. Kwamba mama mwenye X moja yenye kasoro haugui, kwa sababu ile nzima inamtosha, lakini kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuipata. Nilisema hakuna mwenye kosa. Nilisema hivyo mara mbili.

Muzee aliichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akairudisha mezani, akaweka chupa yake ya soda juu yake.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema.

"Muzee, si kusema kwamba..."

"Nimeuliza swali ndogo. Hii kitu inatoka kwa Janvier?"

"Hapana."

"Inatoka kwa baba ya Janvier? Kwangu?"

"Hapana, muzee."

"Basi ni yeye. Asante, mutoto wangu. Masomo yako iko na faida."

Wazee wawili walitikisa kichwa. Mama Dancille alimwangalia Julienne, kisha akaangalia dirishani. Julienne alikuwa amesimama mlangoni, Lionel amemshika sketi kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono mwingine.

"Sisi bafugaji," muzee alisema, na sauti yake ikawa nzuri, kwa sababu ana sauti nzuri, na hiyo ndiyo bahati mbaya yetu sote, "ngombe jike yenye kuzaa dume zinakufa, hatungojei ya tatu. Lakini huyu ni mutu, ni mukristo. Atarudi kwa babake kidogo, apumuzike, hadi Janvier atoke Bunagana tuongee. Na mutoto nitamubeba miye."

"Kumubeba wapi?" Julienne aliuliza.

"Kwangu, Mugunga. Nitamufundisha kunywa."

Akaeleza. Na niseme ukweli, alichokisema hakikukosa msingi. Ndama aliyekaa na kiu, akifika kwenye maji anakunywa bila kujua kuacha, na ndama huyo kesho yake anakojoa mkojo mwekundu na anaweza kufa. Kila mfugaji wa Masisi anajua hilo. Dawa yake ni kumwondoa kwenye maji na kumpimia kidogo kidogo, asubuhi na jioni, mpaka tumbo lijifunze. Alikuwa ameokoa ndama wengi hivyo. Hakuwa anadanganya. Alikuwa tu amechukua jambo moja la kweli alilolijua maishani mwake na kuligeuza dunia nzima.

"Kikombe asubuhi, kikombe jioni," alisema. "Mu wiki mbili munaona mutoto kavu."

"Atakufa," Julienne alisema.

"Nani alikuuliza?"

Julienne alimpigia Janvier simu pale pale, akaweka sauti kubwa. Tulisikia magari ya Bunagana yakipiga honi.

"Janvier, baba yako mukubwa anataka kubeba Lionel. Anataka kumunyima mayi. Sema kitu."

Honi. Kisha shemeji yangu, mwanamume wa kilo themanini anayeweza kubishana na maofisa wa forodha siku nzima kwa ajili ya debe moja la rangi, alisema, "Muzee akisha kusema... Ni siku kidogo tu, Julienne. Usimufedheheshe mbele ya batu."

Walimbeba Lionel jioni ile kwenye pikipiki, katikati ya muzee na dereva. Julienne alipigana; alishika mguu wa mtoto hadi kiatu kikabaki mkononi mwake, na wazee wawili waliokuwa wanatikisa kichwa wakapata kazi nyingine, ya kumshika mikono. Mimi nilisimama. Nilikuwa na maneno yote kichwani, yenye mpangilio mzuri, na sikutoa hata moja. Niliwadharau wote waliokuwa pale, nikaanza na mimi.

Usiku ule tulimpigia daktari Nshobole. Alikuwa Sake kwenye kituo cha wakimbizi, mtandao ukikatika kila mara. Alichoweza kusema kilikuwa hiki: "Mtoto huyo akinyimwa maji, si siku, ni saa. Mkamtoe."

Asubuhi Julienne alikwenda kwa chef wa avenue, kiongozi wa mtaa, kuomba msaada. Chef alisema ni mambo ya familia. Basi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, peke yangu kwenda Mugunga, na begi langu la kazini, ndani yake kopo la vipimo na chupa mbili za maji. Tulikubaliana niende mimi kwa sababu Julienne wangemfungia mlango. Mimi hakuna aliyewahi kunifungia mlango. Sijawahi kuwa mtu wa kutosha kwa hilo.

Ilikuwa saa nne. Muzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake, redio gotini.

"Mamzele! Umekuya kuona kazi? Ingia, ingia. Uone vile ametulia."

Lionel alikuwa amelala kwenye mkeka, upande mmoja. Ametulia kweli. Macho yalikuwa wazi nusu, yameingia ndani. Nilimgusa, alikuwa wa moto. Nilipombana ngozi ya tumbo ilibaki imesimama kama kitambaa. Alinitambua, akafungua mdomo alie, na hakukuwa na chozi. Ulimi wake ulikuwa umekauka ukawa wa rangi ya mbao.

"Ata usiku alinisumbua," mama Dancille alininong'oneza. "Alikunywa mayi ya beseni ya sahani, na sabuni yake. Muzee akaimwanga." Alisema hivyo huku akikunja kona ya kitenge chake, anaikunjua, anaikunja tena. Alijua. Huyu mama alizaa watoto saba na alijua kabisa anachokiona, lakini alikuwa anasubiri mwenye zizi aseme.

Nilitoa chupa ya maji. Mkono wa muzee ulifika kabla ya wangu.

"Apana. Kikombe chake amekunywa saa moja. Kingine ni jioni."

Ningeweza kupiga kelele. Mtu mwingine angepiga. Ningeweza kusema yote niliyokuwa nayo: figo, ujumbe, chumvi kwenye damu, ubongo unaonyauka ndani ya fuvu. Lakini nilikuwa nimekwisha kueleza kwa mchoro ulio safi, na nilikumbuka chupa ya soda iliwekwa wapi. Nikamwangalia yule mzee aliyekaa na chupa yangu mkononi, na nikahisi dharau kubwa mno, baridi, hadi jasho la mikono likakauka. Na dharau hiyo ikanipa sauti ya upole kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Nikapiga magoti. "Muzee, naomba unifundishe kitu. Sisi wa labo tunasoma mikojo mu vitabu tu. Ndama yenye haikunywa tangu jana, mikojo yake inakuwa namna gani?"

Alifurahi. Alizima redio.

"Ah! Hiyo ni swali ya mutu mwenye akili. Ndama yenye kiu inakojoa kidogo. Kidogo sana. Na nzito. Rangi yake ni ya chai, chai ya kukawia mu terimosi. Na inanuka. Ukiona ile rangi unajua: hii imekaa na kiu."

"Na kama inakunywa mingi?"

"Inakuwa meupe. Ata kunuka hainuki."

"Kwa hiyo mufugaji anaweza kujua bila kuuliza mutu?"

"Mufugaji hadanganywe na mikojo, mutoto wangu. Mutu anadanganya. Mikojo haidanganye."

"Na mutoto yetu? Leo, na kile kikombe kimoja, itakuwa rangi gani?"

Alimwangalia Lionel. "Ya chai," alisema. "Njo inafaa."

"Tuangalie basi. Nijifunze."

Nilimwinua mtoto. Hakuwa na nguvu za kusimama. Mama Dancille alimshika kwapani. Nilishika kikombe cheupe cha plastiki, kile kile alichopimiwa. Hatukungoja. Kikombe kilijaa, kikamwagikia vidole vyangu, mtoto bado anakojoa, chini kwenye udongo, mtoto mwenye midomo iliyopasuka asiye na hata chozi. Nikampa muzee kikombe kwa mikono miwili.

Mkojo ulikuwa mweupe. Kitako cha kikombe kilionekana, na mkwaruzo wake.

Muzee alikishika kwenye mwanga wa mlango. Alikigeuza. Alikinusa, kwa muda mrefu. Nilichovya kijiti, nikamwekea karibu na rangi za kwenye kopo, lakini hakukiangalia; hakukihitaji. Nimeona watu wengi wakisoma majibu ya vipimo, na sijaona aliyesoma haraka kama yule mzee. Aliangalia kikombe, akaangalia ulimi wa mtoto, akaangalia kikombe. Mashavu yake yalilegea. Kwa muda wa pumzi mbili hivi alikuwa mzee tu wa miaka sabini na mbili, asiye na ng'ombe, na mkojo wa mtoto mkononi.

Kisha akainuka na kumgeukia mke wake.

"Dancille! Mutoto anakauka hivi, na muko mnamuangalia? Ni nani alimunyima mayi?"

Mama Dancille alimrudisha mtoto mkekani, akajifunga kitenge upya. Alikuwa amekaa naye miaka hamsini.

"Lete mayi!" muzee alipaza sauti, na chupa yangu bado iko kwapani mwake. "Ita moto! Mamzele, kwa nini umekaa pale? Mutoto huyu ni wa kupeleka hospitali!"

Nilichukua chupa kwapani mwake bila kuomba. Nilimpa Lionel kidogo kidogo, kwa kifuniko, njia nzima. Muzee alifuata kwenye pikipiki ya pili, anampigia dereva wake kelele apite magari.

Hospitalini muuguzi wa zamu alimwona mtoto, akafanya alichozoea kufanya kwa kila mtoto aliyekauka: akachukua chupa ya maji ya chumvi kuitundika. Alikuwa na haraka na alikuwa na hasira, na watu walikuwa wengi.

"Hapana," nilisema. "Si ya chumvi."

"Weye ni dokta?"

"Si dokta. Damu yake imejaa chumvi tayari, na figo zake haziwezi kuitoa bila kupoteza maji. Mpe ya sukari. Pima sodiamu kwanza. Mpigie daktari Nshobole, namba hii hapa. Sitatoka hapa mlangoni mpaka umpigie."

Sauti ilitetemeka kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, lakini ilitoka. Alipiga. Kisha akateremsha ile chupa, akaleta nyingine. Sodiamu ya Lionel ilikuwa mia moja sitini na nane. Ya mtu mzima wa afya haizidi mia na arobaini na tano. Yule muuguzi alisoma namba, akanisogezea kiti.

Julienne alifika mbio na kiatu kimoja cha mtoto mkononi. Hakuuliza chochote. Alipanda kitandani, akajilaza nyuma ya mtoto, na hakushuka hadi jioni.

Sodiamu iliteremshwa polepole, siku tatu, kwa sababu ikishuka haraka ubongo unavimba. Lionel alipata degedege mara moja, siku ya kwanza. Baada ya hapo hakupata tena. Daktari Nshobole alikuja kutoka Sake na buti zake zenye tope, akamchunguza, akasema mtoto angechelewa kuletwa kwa saa sita zaidi tusingekuwa tunaongea.

Kwenye korido muzee Télesphore alikuwa amepata wasikilizaji. Ndugu wanaouguza wagonjwa wengine, watu waliokosa usingizi, wamekaa chini na sufuria zao. Niliwapita nikienda kuchota maji.

"...nikashika kikombe. Nikaangalia tu. Nikasema, hii si mikojo ya mutu mwenye kiu! Hii ni ugonjwa! Badokta balipima mwaka mzima kwa mashine. Miye nilitumia macho."

"Eh, bazee baliona mengi," mama mmoja alisema.

"Na weye," muzee aliniita, "kuya. Ile kitu iko mu damu ya dada yako, na kwako iko?"

Wote waligeuka kuniangalia.

"Sijui, muzee. Ni nusu kwa nusu."

"Basi upime mbele ya kupata bwana. Batu bajue, bajitayarishe. Usikuye kuzika batoto ya mutu."

Lilikuwa neno la kwanza la busara nililowahi kumsikia akitamka, na iliniuma kwamba limetoka kwake.

Janvier alifika siku ya pili, amebeba katoni ya biskuti za chumvi. Julienne aliisoma katoni, akaiweka chini ya kitanda. Muzee alikuwa pale. Nilikuwa pale.

"Janvier," alisema, bila kupandisha sauti, mkono uko kichwani mwa mtoto, "narudi Ndosho na Lionel. Bidon yake itakaa chini, mahali mukono wake unafika. Mutu atayeiondosha pale, weye ama mutu mukubwa kuliko weye, siku ile miye na mutoto hatuko tena batu bako. Nimezika moja kwa heshima yenu. Ya pili sitamuzika."

Shemeji yangu alifungua mdomo, na kabla ya kujibu akamwangalia baba yake mkubwa, kujua jibu ni lipi. Hata siku hiyo. Hata kando ya kitanda kile.

"Mupe mutoto mayi, Janvier!" muzee alifoka. "Unangoja nini? Nilikuambia tangu zamani!"

Julienne alitoa kicheko kifupi kwa pua. Ndiyo heshima pekee aliyowapa wote wawili, na hakuna aliyethubutu kumkanya.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lionel sasa ana miaka minne na miezi kadhaa. Anameza vidonge vyake, anakula ugali na mboga isiyo na chumvi, anakojoa kuliko mtaa mzima, na anakua. Muzee anakuja Ndosho kila Jumapili. Kwenye tanki la maji anapita mbele ya foleni na fimbo yake, anatangaza kwamba bidon hii ni ya mtoto mwenye ugonjwa uliopanda ndege, ugonjwa ambao Goma nzima hakuna mwingine anao, na watu wanampisha kwa kuchoka. Jina la ugonjwa halijui. Kila wiki anatunga jipya. Simsahihishi, bidon inafika.

Julienne anamsalimia kwa mkono mmoja, ule wa kushoto umening'inia, si kushika kiwiko kama mke wa mtoto anavyomsalimia mkwe. Muzee ameliona hilo. Anaupokea mkono ule mmoja.

Jumapili iliyopita alileta wageni wawili wa kanisani kwao, akaanza kuwasimulia. Alipofika pale anaposhika kikombe kwenye mwanga, Lionel alipita katikati ya miguu yao, akainamia bidon, akachota. Akanywa. Akachota tena. Wageni wakamtazama. Kikombe cha tatu kilikuwa kikubwa na alikinywa kwa kelele, anapumua kwa pua, na muzee Télesphore alikaa na mkono wake hewani, hadithi imekatika, akingoja mtoto amalize.